Kasha la Tarakilishi la Matofali ya Kuchezea: Mchezo au Elimu?

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hapa shuleni kwetu naona mcheza kwao huchekwa. Mtu akitaja tu habari ya kujenga kasha la tarakilishi kwa matofali ya plastiki, yale ya rangi rangi ambayo watoto hupachika moja juu ya jingine, wenzake huangua kicheko. "Ati nini? Kwani wewe ni wa nasari?" Basi nimeamua kuchukua kalamu nikitetee kitu hicho kinachochekwa. Nasema bila kupepesa macho kwamba ujenzi wa namna hiyo ni somo kamili, na kwamba shule yetu ingefanya vyema kuturuhusu tuufanye kwa zile tarakilishi kuukuu zilizofungiwa stoo, kabla hazijauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.

Kwanza tuelewane. Tunaposema tarakilishi, wengi wetu tunaliona lile sanduku la bati lililo chini ya meza katika maabara. Jamani, gamba la kobe si kobe! Tarakilishi yenyewe imo ndani: ule ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, prosesa inayopiga hesabu, diski inayotunza kumbukumbu, kisanduku cha pawa kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza, pamoja na feni zinazosukuma joto litoke. Kasha halipigi hesabu hata moja. Kazi zake kubwa ni tatu: kushikilia vitu hivyo visigusane ovyo, kuvikinga na vumbi na vidole vya wadadisi, na kuipa hewa njia ya kuingilia na ya kutokea. Sasa niambie, msomaji, katika kazi hizo tatu ni ipi inayolishinda tofali la plastiki?

Wanaocheka hawana habari kwamba vitu vikubwa katika ulimwengu wa tarakilishi vilianza bila makasha ya kujivunia. Mwaka wa 1976 huko California, Marekani, Steve Wozniak aliunda tarakilishi ambayo yeye na mwenzake Steve Jobs waliiuza kwa bei ya dola 666.66. Iliitwa Apple I, na zilitengenezwa takriban 200 tu. Mnunuzi alipewa ubao uliokamilika, basi. Kasha, kibodi, skrini na kifaa cha umeme alijitafutia mwenyewe. Wako waliozijengea makasha ya mbao kwa mikono yao, na siku hizi wakusanyaji wa vitu vya kale huzigombania.

Miaka 20 baadaye, yaani mwaka wa 1996, vijana wawili waliokuwa wakisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walihitaji mahali pa kuhifadhia kurasa za intaneti. Walikuwa wakizikusanya ili wajaribu mbinu yao ya kuzipanga kulingana na umuhimu. Walichukua diski 10 za gigabaiti 4 kila moja, jumla gigabaiti 40, kiasi ambacho leo huingia chote katika kadi ya simu iliyo ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Sasa diski hizo 10 ziwekwe wapi? Pesa zilikuwa chache. Wakachukua matofali ya plastiki ya watoto wakajenga kabati, na diski zikapangwa ndani yake. Utafiti huo ndio uliozaa Google, kampuni iliyosajiliwa Septemba 1998. Kabati lenyewe halikutupwa. Limehifadhiwa pale pale Stanford, katika jengo la uhandisi, na wageni hulitazama kama sisi tunavyotazama mifupa ya watu wa kale tukipelekwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Hata baada ya kuwa kampuni, mambo hayakubadilika mara moja. Mwaka wa 1999 Google ilikuwa ikipanga madabodi zake nne nne juu ya trei zilizotandikwa koki, ile inayotengenezewa vizibo vya chupa, ili sehemu ya chini ya ubao isiguse chuma. Makasha hayakuwako kabisa!

Tena mwaka wa 2012 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakiongozwa na Profesa Simon Cox, waliunganisha tarakilishi ndogo 64 za aina ya Raspberry Pi zifanye kazi kama tarakilishi moja. Rafu za kuzishikilia walizijenga kwa matofali ya LEGO, na mmoja wa waliosaidia kujenga alikuwa mwanawe profesa, mtoto wa miaka 6. Gharama yake, ukiacha vifaa vya kuziunganisha kwa mtandao, haikufika pauni 2,500. Je, profesa naye ni wa nasari?

Matofali haya yenyewe yana historia ya kumfunza mtu. Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka wa 1932 huko Billund, nchini Denmark, na Ole Kirk Kristiansen. Huyu bwana alikuwa seremala. Kazi ya useremala ilipokuwa adimu, akaanza kuchonga vichezeo vya mbao, na jina la kampuni akalitoa katika maneno ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali tunalolijua leo, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado huingiana na lile lililotoka kiwandani juzi. Wanahisabati wamehesabu kwamba matofali sita tu ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa haba sita zimejaza ghala!

Sasa tuje kwenye ujenzi, maana hapo ndipo penye elimu. Kutoka kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8, na kimo cha tofali ni milimita 9.6. Chukua ile Raspberry Pi, ambayo ubao wake una urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56. Ukijenga chumba cha ndani chenye vinundu 15 kwa 11, umepata milimita 120 kwa 88. Hapo ubao unakaa, na nyaya zinapata pa kupindia. Kuta zikiwa nene kinundu kimoja, kwa nje unakuwa na vinundu 17 kwa 13. Je, tabaka moja la ukuta lina vinundu vingapi? Mwenye haraka atajumlisha pande zote nne aseme 60. La hasha! Atakuwa amehesabu kila pembe mara mbili. Jibu ni 56, yaani matofali 14 ya vinundu vinne vinne. Ukiinua tabaka 6 umetumia matofali 84, na kimo cha ukuta ni milimita 57.6. Hiyo ni hisabati ya mstatili tuliyoisoma tukaitupa mara tu baada ya mtihani, sasa imerudi ikiwa na kazi ya kufanya.

Ukimaliza hesabu, uashi nao unakungoja. Tabaka la kwanza likianzia pembe hii na kuzunguka kulia, la pili sharti lizunguke kushoto, ili viungo visifuatane. Mwashi yeyote pale kijijini atakwambia kwamba ukuta ambao viungo vyake vimefuatana mstari mmoja hauchukui muda kupasuka.

Halafu kuna hewa. Hewa moto hupanda juu, na hewa baridi huja kujaza nafasi yake. Kwa hivyo dirisha la kuingizia hewa huachwa chini upande wa mbele, na la kutolea huachwa juu upande wa nyuma, feni ikisukuma kuelekea nje. Ukikosea ukayaweka madirisha mawili upande mmoja, hewa huingia na kutoka bila kupita penye joto, na tarakilishi yenyewe itakushtaki, kwa kuwa kuna programu zinazoonyesha joto la prosesa kwenye skrini. Basi unafanya nini? Unabandua matofali kumi, unalihamisha dirisha, unawasha tena na kusoma. Dakika tano tu. Hakuna kilichokatwa wala kilichoharibika.

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Fundi cherehani hodari hakati kitambaa kabla ya kukata karatasi. Karatasi ikikosewa hutupwa, ilhali kitambaa kikikosewa ni hasara na aibu mbele ya mteja. Matofali haya ndiyo karatasi yetu. Mwanafunzi aliye na bati, msumeno na shilingi mia mbili ana nafasi moja tu ya kujaribu, kwa hivyo ataogopa, atamwachia fundi, na atabaki mtazamaji. Mwenye matofali ana nafasi mia moja. Anayeweza kukosea bila hasara hujifunza upesi, na ninaamini wengi wetu hapa tumekuwa waoga wa mashine kwa sababu tangu siku ya kwanza tuliambiwa, "Usiguse!"

Nazijua hoja za wanaopinga, na nitazijibu moja baada ya nyingine kwa heshima.

Kuna wanaosema kwamba umeme si mchezo. Wasema kweli. Umeme wa ukutani hapa Kenya ni volti 240, nao unaua. Lakini umeme huo huishia ndani ya kile kisanduku cha pawa. Ukitoka hapo kwenda kwenye madabodi na diski, hauzidi volti 12, na Raspberry Pi hutumia volti 5 tu. Kwa hivyo sheria ya kwanza ijulikane na kila mtu: kisanduku cha pawa kinabaki ndani ya bati lake, na hakuna mwanafunzi anayekifungua, hata kama kimechomolewa, maana ndani yake kuna vifaa vinavyoweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa.

Wengine husema kasha la chuma ni bora. Nakubali. Chuma huunganishwa na waya wa ardhi, huzuia mawimbi yanayoweza kuvuruga redio iliyo karibu, na hakiungui. Plastiki ya matofali hayo huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na ikishikwa na moto huwaka. Isitoshe, plastiki ikisuguliwa huzalisha ile chaji inayosimamisha nywele, ambayo yaweza kuharibu madabodi, hivyo mtu aguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi kabla hajagusa ubao. Haya yote ni kweli, na ndiyo maana sidai kwamba maabara nzima ivalishwe plastiki. Nadai kwamba kasha lianze kwa matofali, lijaribiwe, lipimwe, na likishatulia michoro ipelekwe kwa fundi wa jua kali akate bati. Hapo tutamwendea tukiwa na vipimo mkononi, si kumwambia, "Wewe tengeneza tu vile unavyoona."

Wengine, hasa wazazi, watauliza kama karo ni ya kununulia watu wazima vichezeo. Swali hilo lina uzito, kwa sababu matofali mapya ni ghali, na kuna nyumba ambako hata kitabu cha kiada hununuliwa kwa kujinyima. Jawabu langu ni kwamba hatuhitaji mapya. Katika masoko ya mitumba huonekana vichezeo vilivyotumika, na wako wanafunzi ambao wadogo zao wameshayachoka matofali yao. Yasipopatikana kabisa, tutumie vipande vya plaiwudi vilivyokatwa saizi moja na kutobolewa matundu kwa nafasi sawa, vifungwe kwa skrubu vifunguke tena. Jambo la maana ni kwamba kitu kijengeke, kibomoke na kijengeke tena. Sisi ambao tulipokuwa wadogo tuliunda magari ya waya yenye usukani unaopinda, na ya mabua yenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, leo tutashindwaje kuunda sanduku? Nani alitufunza wakati ule? Hakuna aliyetuuliza kama kuna mtihani wake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Katika stoo yetu mna tarakilishi zilizokwisha kuandikwa "mbovu". Muhula uliopita tuliruhusiwa kuzihamisha tukipisha magunia ya mahindi, na nikazitazama kwa makini. Nyingine masanduku yamebonyea, nyingine feni zimejaa vumbi hadi hazizunguki, na tatu zimeng'oka kitufe cha kuwashia. Msomaji, je, wajua kitufe hicho ni nini? Ni nyaya mbili tu zinazogusana kwa nukta moja, zikaipa madabodi ishara ya kuamka. Kitufe ni cha kasha, na kikifa haimaanishi kwamba tarakilishi imekufa. Sisemi zote zitapona, kwa kuwa sijazipima. Nasema hakuna aliyezipima, na maamuzi ya kuziuza kwa kilo yanakaribia. Ugonjwa wa nguo umefanywa kuwa ugonjwa wa mwili, na mgonjwa anapelekwa kaburini akiwa anapumua!

Wakati huo huo, katika maabara tunakaa wanafunzi wanne kwa tarakilishi moja. Mmoja hushika kipanya, wa pili hutazama, wa tatu hupiga soga na wa nne husinzia. Wa nne huyo ndiye ninayemhurumia, maana atamaliza shule akijua jina la kila sehemu ya tarakilishi kutoka kitabuni, na hajawahi kuigusa hata moja.

Kwa hivyo, walimu wetu wapendwa, na hasa wewe Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, ombi letu si kubwa. Tupeni tarakilishi tatu tu kutoka stoo, zile za vitufe vilivyong'oka. Tupeni meza moja kando ya maabara, Jumamosi baada ya usafi, mwalimu wa fizikia akiwa msimamizi. Sheria zitabandikwa ukutani: waya huchomolewa kabla ya mkono kuingia, kisanduku cha pawa hakifunguliwi, hakuna kinachowashwa bila mwalimu kutazama, na kasha la plastiki haliachwi likiwaka bila mtu. Kila kundi litaweka daftari la vipimo, michoro na joto lililosomwa, na daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili sanifu, ili chama chetu nacho kifaidike kwa msamiati. Mwisho wa muhula mtupime. Tukishindwa, tarakilishi zirudi stoo na ziuzwe, hazitakuwa zimepunguza hata gramu moja. Tukifaulu, shule itakuwa na tarakilishi tatu zaidi, na wale wanne wa meza moja watapungua.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msingoje ruhusa ndipo muanze. Karatasi ya mraba mnayo, na rula mnayo. Pimeni madabodi ya sentimita 17 kwa 17, ile ndogo inayopendwa na wenye nafasi finyu, mkaichoree nyumba. Mtaona kwamba vinundu 21 ni milimita 168, havitoshi, na 22 ni milimita 176, vinatosha na kubakisha. Amueni hewa iingilie wapi na nyaya zitokee wapi. Ruhusa ikija siku yoyote, itukute na michoro tayari.

Mwenye macho haambiwi tazama. Zile tarakilishi zimo stoo, nyuma ya magunia, na lori la vyuma chakavu likishafika getini, hakuna makala yatakayozirudisha. Tupewe tatu, jamani. Tatu tu.